Mkwe Alinikuta Mtumbwini

Nitawasimulia, lakini naomba msicheke kabla sijafika mwisho, maana mkianza na mimi nitaanza, na siku hizi nikicheka nakohoa mpaka basi. Aibu yenyewe ni yangu, nimeibeba miaka mingi, na najua kuanzia hapa Nyakatuntu mpaka Kaisho kuna watu wanaisimulia vizuri kuliko mimi mwenyewe (wengine hawakuwepo hata kidogo, lakini ukiwasikiliza utadhani ndio walionishika mkono kunitoa). Leo isikieni kwangu.

Ilikuwa miaka ile kahawa ilipoanza kutuletea mabati, watu wanashusha nyasi mapaani, na mimi nilikuwa mama mtu mzima, watoto wangu wakubwa wameshaoa na kuolewa, amebaki kitinda mimba wangu, Deusi. Na huyo Deusi alikuwa amempata msichana wa Kaisho, Evodia, binti mpole mwenye macho ya kucheka, na mwanangu akilitaja jina lake alikuwa anashusha sauti kama yuko kanisani. Kikwazo kilikuwa baba wa msichana. Ta Kaijage (Ta kwetu ni kama kusema Mzee) alikuwa fundi wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, hakuna aliyemfikia kwa kukamua, na alijijua. Alikuwa ameshawarudisha vijana wawili kwao, mmoja kwa sababu pombe ya posa ilinuka moshi, mwingine kwa sababu ilikuwa nyepesi, na alisema mbele za watu kwamba nyumba isiyojua kukamua haitajua kumtunza binti yake. Basi posa yetu ilipokubaliwa kwa maneno, ikabaki pombe, na mwanangu akakonda.

Mimi nami nilikuwa na langu. Nilikuwa na joto. Si joto la jua, maana kwetu asubuhi ukungu unalala mabondeni mpaka unadhani vilima vinaelea, watu wamejifunika mablanketi, na mimi niko nje kifua wazi najipepea kwa kipande cha jani la mgomba. Linaanzia hapa kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, na wewe umekaa zako unamenya ndizi, hakuna aliyekuudhi, ghafla unatiririka jasho kama umeinamia chungu kinachochemka. Siku zangu za mwezi zilikuwa zinakuja na kupotea zinavyotaka zenyewe. Usingizi ukanikimbia. Nikawa nasahau chumvi, nasahau jina la ng'ombe niliyemkamua miaka sita, na siku moja nililia, kulia kabisa, kwa sababu kuku alikuwa amelala vibaya. Mume wangu Felisiani, mtu mwema, mfundisha katekisimu, akaniuliza kuku amefanya nini, nikazidi kulia.

Na kumwuliza mtu sikuweza. Mama yangu alikufa mimi nina mtoto mmoja tu mgongoni, dada sina, na wanawake wa kwetu mambo ya uzazi tulikuwa tunaambiana, ya kuzaa, ya kunyonyesha, lakini habari ya kuacha kuzaa kila mmoja aliingia nayo kwenye shamba lake la migomba akatoka nayo kimya. Mimi nikadhani ni homa. Nikaenda zahanati nikapewa kwinini, masikio yakavuma siku nne na joto likabaki pale pale. Nikadhani nimerogwa. Nikaanza dawa za majani. Nilikunywa maji ya mubirizi, ule mchungu tunaoutumia kwa kila ugonjwa, nikanywa mpaka ulimi ukasahau utamu. Nikachemsha maganda ya mti ambao jirani alisema unapoza damu, ukanipoza tumbo badala ya damu, nikashinda chooni. Nikala maua fulani ya manjano kwa sababu niliona mbuzi wetu jike mzee anayala naye ametulia (msiniangalie hivyo, mngekuwa na joto lile mngekula hata ugo).

Mwisho nikamsikia Bibi Nyakato, mwanamke aliyehamia kwetu kutoka Rugu, mwenye mizizi yake. Nikaenda kwa kujificha, maana Felisiani Jumapili ile ile alikuwa amewafundisha watu wasiende kwa waganga. Bibi Nyakato hakuniuliza mengi. Alinipa unga wa rangi ya udongo, umefungwa kwenye jani kavu la mgomba, akaniambia nichukue wa kushikika kwa vidole vitatu tu, niuchanganye na asali, jioni peke yake, kisha nipande kitandani. Joto litashuka na usingizi utakuja. Na kweli, jamani, sitamsingizia yule bibi, usiku wa kwanza nililala kama mtoto.

Sasa ikafika siku ya kukamua pombe ya posa. Ninyi mnajua mtumbwi wa pombe, lile gogo kubwa lililochongwa tumbo, refu, mtu mzima analala akanyooka. Wanaume ndio wanaingia humo na kukanyaga ndizi mbivu kwa miguu pamoja na nyasi, wanaongeza maji ya chemchemi, wanakamua, wanaondoa makapi, yanabaki maji ya ndizi matamu, mazito, ambayo baadaye wanayatia mtama uliokaangwa yalale yachachuke. Mwanamke anamenya ndizi, anateka maji, anakaanga mtama, lakini mguu wake hauingii mtumbwini. Hata kuuruka hauruki. Akiukanyaga, pombe inahesabiwa imeharibika, inamwagwa. Hiyo nimeijua tangu sijaota meno ya pili.

Shemeji zangu walikanyaga tangu alfajiri, ukungu bado uko miguuni mwao, wakimaliza wanaimba. Kufikia saa nne maji yalikuwa tayari mtumbwini, kule nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, yamefunikwa majani mapana, yanasubiri mtama. Wao wakashuka chemchemini kuoga. Na hapo ukaja ujumbe kwamba Ta Kaijage mwenyewe, na mkewe, na nduguye, wako njiani, hawangoji kesho, maana yeye haamini pombe ambayo hakuyaonja maji yake siku ya kukamuliwa.

Moyo ukanipasuka. Nilikuwa nimevaa gauni langu jipya la maua, na nikajiona tayari nimekaa mbele ya yule mzee, jasho linanichuruzika mpaka kidevuni, naye anajiuliza mama huyu ana ugonjwa gani na je, uko kwenye ukoo. Basi nikaamua jambo dogo. Nikasema, kama vidole vitatu vya jioni vinashusha joto usiku kucha, basi kijiko kimoja cha saa hizi kitanitunza mpaka wageni waondoke. Kijiko kimoja tu. Nikakichanganya na asali, nikakimeza nimesimama nyuma ya mlango, nikaona kiko kidogo, nikaongeza nusu.

Mwanzo kulikuwa kuzuri. Nikawa mwepesi. Sauti za wakwe zangu vijana jikoni zikawa zinatoka mbali, kama wanaongea ng'ambo ya kilima, na moshi wa jiko nikauona unapanda taratibu, unakaa, unafikiri, unapanda tena. Nikasema nitoke nipate hewa. Nikaingia migombani. Mimi shamba lile nimelipalilia miaka thelathini, lakini siku ile lilikuwa refu, halina mwisho, majani yamefumana juu, mwanga wa kijani umetulia chini, na kila mgomba nilioupita niliona kama unanisogezea njia. Na joto hilo hapo. Lilikuja la mwisho, kubwa, kama linaaga.

Mbele yangu palikuwa na mtumbwi. Nikaweka kiganja juu ya majani yaliyoufunika. Baridi. Nikainua jani moja, nikaona maji ya ndizi yametulia, yana rangi ya asali changa, yananukia, na sikumbuki kabisa kuwaza habari ya mwiko wala posa wala Ta Kaijage, nilichowaza ni mguu tu. Mguu mmoja, nikasema, kidogo, mpaka kifundo. Nikauweka. Mungu wangu, ile baridi ilipanda mpaka kwenye meno. Nikauweka wa pili, kwa sababu wa kwanza ulikuwa umepata raha peke yake. Nikakaa. Nikaegemeza kichwa kwenye ukingo, na kwa kuwa nilikuwa mwanamke niliyelelewa vizuri nikajifunika majani yale yale nisije nikaonekana.

Nikamwona mama yangu. Alikaa upande wa pili wa mtumbwi, miguu ndani, ameshika jani anajipepea, na nyuma yake ng'ombe walikuwa wanapita katika ukungu, wale wenye pembe ndefu, wengi, hawana mchungaji, hawatoi sauti yoyote. Hakuwa amezeeka. Alikuwa wa umri wangu mimi, tumelingana. Nilifurahi nikataka kulia. Nikamwambia, mama, kumbe na wewe unaona joto, akanitazama kwa upendo ule ambao nilikuwa nimeshausahau, akafungua mdomo anijibu.

Jani likafunuliwa.

Palikuwa na uso wa mwanamume, kofia kichwani, kibuyu cha kuonjea mkononi. Nyuma yake uso mwingine, na mwingine, na mume wangu, na mwanangu Deusi, na shemeji zangu waliotoka kuoga. Na mimi, wenzangu, bado nilikuwa nusu kule kwa mama. Niliona wageni wamekuja na mimi ndiye mwenyeji. Basi nikasogea. Nikajisogeza pembeni nikampa nafasi, nikapapasa maji kwa mkono kumwonyesha pa kukaa, na nikasema kwa adabu yangu yote, na neno letu la heshima juu yake:

"Karibu, waitu. Maji bado baridi."

Ninakumbuka tone lililodondoka kutoka kwenye jani. Ndipo akili ikanirudia, yote kwa mara moja, nikataka kusimama, na maji ya ndizi yanateleza, nikaanguka ndani tena nikayameza, shemeji akanishika mkono mmoja, mwingine akanishika gauni, wakanitoa nimejaa utamu kuanzia nywele hadi kucha. Nikakimbia. Ningetembea labda ingekuwa nafuu, lakini nilikimbia, nikapita uani palipojaa majirani waliokuja kusaidia kupika, gauni la maua limenigandama mwilini, na nyuki wetu (tulikuwa na mizinga mitano) wakasikia harufu. Nikazunguka nyumba mara mbili nikiwakimbia nyuki, nikawapita wageni mara mbili, mara ya pili nikasema shikamoo, sijui kwa nini, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nyuki watatu niliingia nao.

Kutoka ndani nilisikia kila kitu. Ta Kaijage hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Aliongea polepole kama mtu anayesoma barua. Alimwambia mume wangu kwamba katika maisha yake ameona pombe zilizoharibiwa na mvua na ng'ombe na walevi, lakini hajaona iliyoharibiwa na mama wa nyumba kwa kuoga ndani yake.

"Binti yangu hawezi kuingia katika nyumba hii," akasema. "Imwageni, na maneno yetu yaishe hapo."

Nikasikia maji yanamwagwa. Maji mengi, muda mrefu, na harufu yake tamu ikaja mpaka chini ya mlango. Majirani wakaanza kunong'ona, mmoja akasema nimelewa, mwingine akasema ni mashetani, kuna aliyesema amekuwa akiniona alfajiri nimesimama nje kifua wazi kwa hiyo yeye alishajua. Sauti ya Deusi sikuisikia kabisa. Nilichungulia ufa wa dirisha nikamwona amekaa chini kwenye rundo la maganda ya ndizi, mikono juu ya magoti, anautazama mtumbwi mtupu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimemwua mwanangu kwa kijiko kimoja na nusu. Nililia kwa sababu ya kweli siku hiyo.

Mlango ukasukumwa. Nikadhani ni Felisiani. Alikuwa mke wa Ta Kaijage, Ma Anastazia, mwanamke mnene, mkimya, tangu wafike sikuwa nimesikia sauti yake. Aliingia akafunga mlango, akanitazama nilivyokaa sakafuni nimenata vumbi na nyasi, akaokota kanga akaanza kunifuta shingo. Akaniuliza taratibu kama nimekunywa pombe. Nikamwambia hapana, na kwa kuwa sikuwa na heshima nyingine ya kulinda nikamweleza yote, mubirizi na maganda na maua ya mbuzi na unga wa Bibi Nyakato, na joto, na kuku aliyelala vibaya. Mkono wake ukasimama shingoni kwangu.

"Linaanzia wapi, hilo joto?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akauchukua mkono wangu akauweka kifuani kwake, mahali pale pale, nikakuta gauni lake limelowa chapachapa, na yeye hakuwa ameingia mtumbwini. Tukatazamana. Sijui nani alianza, lakini tulicheka tumezibana midomo kwa kanga, kisha tukalia, kisha akanisimulia. Mwaka wa pili huo. Alikuwa ameyanywa majani yote ya Kaisho. Mumewe alidhani mke wake amemchoka kwa sababu amehama kitanda, akaacha kuongea naye, wanaishi kama wapangaji wawili, naye hakujua amwambie nini maana hakuwa na jina la ugonjwa wenyewe.

Halafu akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akatoka. Mimi nikabaki kwenye ufa wa dirisha. Ta Kaijage alikuwa tayari ameshika fimbo yake ya safari, anamwita waondoke. Watu wote wako uani. Ma Anastazia hakwenda karibu naye, alisimama pale mlangoni kwetu, akazungumza kwa sauti ambayo nadhani hata yeye alikuwa haijui.

"Ta Kaijage, mimi nalala nje nyuma ya jiko lako, juu ya majani ya mgomba, mwezi wa sita sasa. Wewe unadhani nimekuchukia. Ninaungua. Huyu mama anaungua kama mimi. Siku ile ulipokamua kwetu nilisimama mbele ya mtumbwi wako nikaukumbatia mgomba ili nisiingie. Mwenzangu hakuwa na nguvu hizo, ndiyo tofauti yetu."

Kisha nikamwona mama mmoja mzee, jirani yetu, akitikisa kichwa polepole na kutazama chini, na mwingine akimshika mkono, na wale waliokuwa wanataja mashetani wakaanza kushughulika na mafiga. Ta Kaijage alimtazama mkewe kwa muda mrefu sana. Fimbo aliiegemeza ukutani, akavua kofia, akaifuta ndani kwa mkono, akaitazama kana kwamba kulikuwa na neno limeandikwa humo. Kisha akamgeukia mume wangu akamwuliza kama zile ndizi za kwenye shimo la kuivishia zimeisha au zimebaki. Felisiani akasema zimebaki.

"Basi kamueni nyingine," akasema. "Mimi mwenyewe nitakanyaga."

Akakunja suruali. Mkwe mtarajiwa, mbele ya watu, aliingia katika mtumbwi wetu, baada ya kuuosha mara tatu na kuupitishia moshi, sitaficha, akakanyaga pamoja na Deusi ubavu kwa ubavu. Jua likishuka, wakati watu wanaonja, nilimwona anampelekea mkewe kibuyu cha maji matamu pale alipokaa, na kabla hajampa akamkatia jani la mgomba akaanza kumpepea, hajui hata kupepea, anampiga nalo usoni. Ma Anastazia akamwacha apige.

Harusi ilifungwa. Mimi niliitwa Mama Mtumbwi mpaka padre akaamini ndilo jina langu la ubatizo. Unga wa Bibi Nyakato niliufukia kwenye shimo la majivu na nikaapa, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba dawa ya mtu nitainywa kama alivyonipa yeye, wala sitajiongezea hata chembe kwa sababu ya wageni. Joto lilikuja kuisha lenyewe baada ya muda, kama mvua inavyopita.

Lakini lililobaki nami ni hili. Mwaka juzi Evodia, mkwe wangu, bibi mtu mzima sasa, alikuja asubuhi kunichambulia maharage, ukungu umejaa mpaka mlangoni, na nikamwona amefungua kifungo cha gauni, anafuta shingo, anajifanya anafukuza nzi. Hapakuwa na nzi. Nilimnyang'anya ungo nikauweka chini, nikamwambia sogea hapa, mwanangu, nikamweleza yote kabla hajaniuliza.